Je, Mkristo Aweza Kumsaidia Mwenziwe Aokoke?



Liko neno linalosikika katika nyumba nyingi za Wakristo, tena hutamkwa kana kwamba ni hekima kubwa: "Kila mtu na roho yake." Baba huulizwa kwa nini kijana wake haonekani tena kanisani, naye hujibu, "Amekwisha kuwa mtu mzima. Kila mtu na roho yake." Jirani huambiwa kwamba mgonjwa fulani yu karibu kufa bila Sakramenti, naye hujibu vivyo hivyo. Wengine huongeza hoja ya dini: Mwokozi ni mmoja tu, Bwana wetu Yesu Kristo, basi mwanadamu ni nani hata ajitie katika kazi ya kuokoa roho za wenzake?

Twaona yafaa kulipima neno hilo, maana si dogo. Likiwa la kweli, basi mama anayemwombea mwanawe kila jioni anajisumbua bure. Lisipokuwa la kweli, basi wako wengi wetu wanaonyamaza siku ile ambayo ndugu yao awahitaji kuliko siku zote.

Tuanze na lililo wazi. Hakuna mtu, hata awe mtakatifu namna gani, aliyeilipa bei ya dhambi zetu isipokuwa Yesu Kristo msalabani. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timoteo, afundisha kwamba mpatanishi kati ya Mungu na watu ni mmoja. Hilo ndilo fundisho la Kanisa tangu mwanzo, wala hatulipunguzi hata nukta. Lakini msomaji aufungue waraka huohuo, aitazame mistari michache iliyotangulia. Humo Paulo aagiza waamini wawaombee watu wote, hata wafalme, kwa kuwa Mungu ataka watu wote waokoke. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja katika ukurasa mmoja. Kama upatanishi wa Kristo ungekataza sala zetu kwa ajili ya wengine, Mtume asingeziagiza papo hapo. Twawaombea wenzetu kwa sababu Mpatanishi yuko. Pasipo yeye, sala zetu zisingekuwa na mlango wa kupitia.

Tena Mtume huyo, akiwaandikia Wagalatia, asema kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Wenye neno lile la "kila mtu na roho yake" hulipenda sana fungu hili. Lakini mistari mitatu tu kabla yake amewaagiza Wakristo wachukuliane mizigo. Je, amejipinga? La, hasha. Mbele ya hukumu kila mmoja atajibu kwa ajili yake. Njiani tumeamriwa kusaidiana. Wahenga wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nasi twajua ya kuwa hakuna aliyejibatiza mwenyewe, wala aliyejifundisha peke yake kuifanya ishara ya msalaba. Kila mmoja wetu alipokea imani kwa mkono wa mtu fulani.

Mkulima hapandi uhai ndani ya mbegu. Yeye hulima, hupanda, hupalilia. Uotaji ni kazi ya Mungu. Hata hivyo, mkulima akiketi kivulini msimu wote, asimlaumu Mungu kwa njaa. Mfano huu Paulo mwenyewe aliwapa Wakorinto alipowaeleza kazi yake na kazi ya Apolo. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, mwaka 1964, ulifundisha jambo hilohilo kwa namna nyingine: upatanishi wa Kristo ulio mmoja hauwazuii viumbe kushiriki kazi yake, bali huwaamsha washiriki, nao huchota nguvu zote kwake. Kabla ya hapo, tarehe 29 Juni 1943, Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake juu ya Mwili wa Fumbo wa Kristo, alikuwa amelitaja kuwa ni fumbo la kutetemesha kwamba wokovu wa wengi wategemea sala na majitoleo ya viungo vya Mwili huo. Si kwamba Kristo ni dhaifu. Yeye mwenyewe amependa iwe hivyo, ili sisi tulio viungo tusiwe mapambo tu.

Mambo haya si ya vitabuni peke yake. Yametendeka kando ya ziwa letu la Nyanza, na wajukuu wa walioyaona wako hata leo.

Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1882, hatari zilipozidi, waliondoka wote wakavuka ziwa, wakakaa Bukumbi karibu na Mwanza. Waliwaacha nyuma Wakristo wachache na wakatekumeni wao. Wakuu kati ya Wakristo hao, kama Yusufu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Mathia Mulumba, walikuwa wamebatizwa mwaka uleule wa 1882. Walikuwa wachanga katika imani, bila padri, bila Misa, bila Kitubio. Nani angewalaumu kama wangesema kila mtu na roho yake, wakaificha imani yao mpaka mapadre warudi?

Hawakusema hivyo. Balikuddembe aliwafundisha vijana watumishi wa jumba la Kabaka. Kaggwa aliwakusanya watu na kuwafundisha. Mulumba alifanya vivyo hivyo kwao Ssingo. Mapadre waliporudi Julai 1885 hawakukuta magofu. Walikuta shamba limepanuka. Watu wengi walikuwa wakingoja Ubatizo, nao walikuwa wamefundishwa na walei waliokuwa na miaka mitatu tu ya Ukristo.

Tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe aliuawa, kwa kuwa alimwonya Kabaka Mwanga juu ya kuuawa kwa askofu Mwanglikana James Hannington, na kwa kuwa aliwalinda vijana wa jumba wasiharibiwe. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga alikwenda kwa mapadre akabatizwa, akashika nafasi ya mwalimu wake. Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Mei 1886, Kabaka alipokuwa ameghadhibika na kifo kikiwa mlangoni, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni kadhaa, na mmoja wao alikuwa Kizito, kijana mdogo kuliko wote. Hapakuwa na padri karibu. Tarehe 3 Juni waliteketezwa kwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi hao 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Basi twauliza: nani alimwokoa Kizito? Kristo, na Kristo peke yake. Lakini maji yalimiminwa na mkono wa Lwanga, na Lwanga alifundishwa na Balikuddembe. Neema ilipita katika mikono ya watu, kama maji yapitavyo katika mfereji. Mfereji si chemchemi. Hata hivyo mfereji ukizibwa, shamba la chini hukauka.

Liko na jambo jingine ambalo si wengi hulikumbuka. Balikuddembe, akiwa mbele ya mwuaji wake, alituma salamu kwa Mwanga kwamba amemsamehe, tena amsihi atubu. Mwanga hakutubu siku ile. Damu ilizidi kumwagika. Lakini miaka ilipita, Mwanga akaondolewa kitini, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903 akiwa Mkristo. Hatutasema tumeuona uzi wote unaounganisha msamaha wa 1885 na Ubatizo ule wa uhamishoni. Huo Mungu auona. Twasema tu kwamba asiwepo mtu wa kutuambia kwamba fulani amekwisha kupotea na haombewi tena.

Lakini hapa msomaji mwenye uchungu aweza kutuuliza: "Mimi nimemwombea mume wangu miaka kumi, wala habadiliki. Je, sala yangu ina kasoro?" Twamjibu kwa upole. Mungu amempa kila mtu uhuru, wala hauvunji hata kwa ajili ya machozi yetu. Sisi twaweza kusaidia, hatuwezi kulazimisha. Mtakatifu Monika wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, alimwombea mwanawe Agostino miaka mingi. Alipomwendea askofu mmoja amsihi abishane na kijana huyo, askofu alikataa, akamweleza kwamba kijana bado hafundishiki. Amwache kwa sasa, aendelee kumwombea. Ushauri huo una hekima kwa wazazi wengi. Uko wakati wa kusema na mwana juu ya Mungu, na uko wakati wa kusema na Mungu juu ya mwana. Agostino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, na Monika akafariki mwaka huohuo. Mumewe Patrisi naye alikuwa amebatizwa zamani, karibu na kufa kwake, akivutwa na mwenendo wa mkewe.

Na yule ambaye mwanawe amekwisha kufa mbali, mjini, bila padri na bila neno la toba lililosikika? Huyo naye asikate tamaa. Mwaka 1887, huko Paris, mwuaji mmoja aitwaye Pranzini alihukumiwa kufa. Alimkataa padri. Msichana wa miaka 14, ambaye leo twamwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, alimwombea na kumtolea Misa bila ya kumjua. Siku ya kukatwa kichwa, akiwa amefikishwa mahali pa kufia, Pranzini aligeuka ghafula, akaomba msalaba wa padri, akaubusu mara tatu. Magazeti yalieleza, ndiyo maana twajua. Lakini ni wangapi wanaogeuka dakika ya mwisho, wala hapana gazeti la kueleza? Mungu hafungwi na saa zetu. Sala ya leo aliiona tangu milele. Kwa hiyo Kanisa halikomi kuwaombea marehemu, wala halijapata kumtaja mtu kwa jina kwamba yumo motoni.

Mwingine atasema: "Mtaguso umefundisha kwamba hata wasiomjua Kristo, pasipo kosa lao, waweza kuokoka wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Basi tujisumbue kwa nini?" Ni kweli Mtaguso umefundisha hivyo, nasi twashukuru. Lakini mtu aweza kuvuka pori usiku bila taa akafika salama. Je, hiyo ni sababu ya jirani mwenye taa kuificha? Tena upendo hauulizi, "Kipi kidogo kabisa kitamtosha ndugu yangu?" Humtakia kilicho bora kuliko vyote.

Sasa tuseme juu ya nyumba zetu.

Baba na mama, ninyi ni walimu wa kwanza wa dini. Katekista humpata mtoto saa chache tu kwa juma. Ninyi mnaye asubuhi na jioni. Akiwaona mmepiga magoti, amekwisha kufundishwa.

Wasimamizi wa Ubatizo, kazi yenu haikuisha siku ya karamu. Ulizeni habari za wana wenu wa kiroho, hasa wakihamia mijini.

Nanyi mnaouguza, msichelewe kumwita padri eti mgonjwa ataogopa. Mpako wa Wagonjwa si hukumu ya kifo. Tumewaficha wagonjwa wetu ukweli kwa huruma isiyo ya kweli, na padri akafika baada ya macho kufumbwa. Na ikiwa mtu asiyebatizwa yu katika hatari ya kufa, naye ataka Ubatizo, na padri yu mbali, Mkristo yeyote aweza kumbatiza: ammiminie maji kichwani akimtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kama Kanisa lilivyotufundisha, akikusudia lile Kanisa likusudialo. Kisha aarifu parokia.

Lakini liko jambo ambalo twaliandika kwa hofu. Awezaye kusaidia aweza pia kuzuia. Mwajiri Mkristo anayemnyima mtumishi wake wa nyumbani nafasi ya kwenda Misa Dominika amesimama mlangoni pa Kanisa akimsukuma mtu nje. Mfanyabiashara anayeshika Rozari mkono mmoja na kupunja mizani kwa mkono wa pili amewafundisha jirani zake dini, ila si ile aliyoidhania. Bwana wetu alitamka maneno makali sana juu ya wanaowakwaza wadogo. Tusijidanganye kwamba twaweza kuwa si kitu kwa wenzetu. Twawavuta au twawasukuma; mahali pa katikati hapapo.

Basi, wasomaji wapenzi, neno lile la "kila mtu na roho yake" tuliache. Juma hili kila jamaa imchague mtu mmoja: kijana aliyeacha Kanisa, jirani mgonjwa, au hata adui. Atajwe kwa jina katika sala ya jioni. Kisha, ikiwa njia ipo, atembelewe. Ikiwa kosa liko, aombwe radhi. Matokeo tumwachie Mungu, maana ni yake. Sisi tutaulizwa kama tulipanda, na Mwenye shamba ajua saa ya mavuno.