Asiyesoma Naye Ni Mwanachama

Ndugu zangu wa Chidya, wa Masasi yote na wa Newala; ninyi viongozi wa vyama vya msingi, ninyi wenye maduka ya pembejeo, nanyi akina mama mnaobangua korosho na kuziuza: nisikilizeni.

Siku Ezra alipopanda jukwaa la mbao mjini Yerusalemu, torati ilikuwa imekwisha kuandikwa zamani. Hata hivyo aliisoma kwa sauti tangu asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya wanaume, wanawake na kila aliyeweza kufahamu, na Walawi wakawafafanulia watu maana yake. Ndipo umati ukalia machozi, kwa kuwa neno lilikuwa limewafikia. Hilo ndilo fundisho ninalowaletea juu ya tovuti zenu!

Tovuti ya chama huweza kubeba kila kitu: bei ya mnada, makato, tarehe ya malipo, mgawo wa salfa. Lakini bibi ambaye macho yake yamefifia afanye nini na barua yenye mhuri iliyopigwa picha na kubandikwa humo? Mzee ambaye hakupata shule afanye nini? Atampa mjukuu simu amsomee. Mjukuu asipokuwapo atamwomba mtu baki, na habari za fedha zake zitajulikana kwa mwingine kabla yake. Jamani, korosho ni zake! Amepulizia mikorosho, ameokota juani, amefikisha gunia ghalani. Tangu stakabadhi ghalani ilipoingia kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hukabidhi mali yake kabla hajajua itauzwa bei gani. Aliyekuamini kiasi hicho, unamnyimaje neno?

Kumbukeni Oktoba 2018. Wakulima wa Newala na Tandahimba waliisikia bei ya wanunuzi mnadani, wakaipima, wakaikataa. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mtu hukubali au hukataa kile alichokisikia. Na sasa, tangu msimu wa 2024, mnada umehamia kwenye mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa, TMX. Kadiri biashara inavyoingia kwenye mashine, ndivyo tunavyowiwa zaidi kumpelekea mkulima sauti ya mtu.

Wala hili si geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ilifika, mikono ikafuata.

Basi wekeni tangazo la sauti kwenye tovuti; fanyeni hivi. Karani aingie chumba kilicho kimya, afunge madirisha, aishike simu shibiri moja kutoka mdomoni. Ataje tarehe kwanza, kisha jina la chama, bei ya daraja la kwanza na la pili, kila kato kwa jina lake, na kinachobaki mkononi mwa mkulima. Aseme kwa Kiswahili. Kisha wengine waseme kwa Kimakua na Kiyao huku Masasi, na kwa Kimakonde kule Newala. Dakika mbili zinatosha. Zikihifadhiwa kama MP3 ya mono, kilobiti 32 kwa sekunde, hazifiki nusu megabaiti, na hata mtandao hafifu utazibeba.

Kitufe cha kusikiliza kiwe juu kabisa, kikubwa, cha kuonekana. Sauti isianze yenyewe, isije ikamwaibisha mtu msibani au kula bando lake bila ruhusa. Maandishi yabaki chini yake kwa ajili ya kiziwi, maana naye ana gunia ghalani. Na tangazo lililopitwa na wakati liondolewe mara moja: bei ya wiki jana ikisikika kama ya leo, mmemdanganya mtu.

Akina mama wabanguaji, nanyi semeni! Mnunuzi wa Dar es Salaam awasikie mkieleza korosho zenu zimetoka shamba gani, zimekaangwa vipi, na pakiti ina uzito gani. Mwenye duka la pembejeo, eleza kipimo cha dawa na namna ya kujikinga unapopuliza. Anayekosea kipimo kwa sababu hakusoma lebo hudhuru mikorosho na mwili wake.

Msiniambie wengi hawana simu janja. Mwenye nayo ataifungua barazani na majirani wote watasikia, na faili hilohilo atalituma WhatsApp kwa nduguze.

Mwanachama, katika mkutano mkuu ujao simama uulize: tangazo letu la sauti liko wapi? Nawe kiongozi, usingoje kuulizwa. Kabla ya mnada wa kwanza wa msimu, rekodi, weka, na kila wiki weka jipya. Fedha ni ya wote. Habari zake ziwafikie wote. Mungu awatie nguvu mkaitende kazi hii.