Mji wa Pembeni

Msimamizi wangu wa shahada ya umahiri alinipa kazi niliyoiona nyepesi: kuhamisha vichujio vya picha kutoka MATLAB kwenda Python. Leseni ya MATLAB inalipiwa, Python ni bure. Sharti lilikuwa moja. Picha itakayotoka huku ifanane na ya kule, pikseli kwa pikseli, kwa kuwa walionitangulia walishajenga matokeo yao juu yake.

Kwa majaribio nilikata kipande cha picha ya setilaiti ya Landsat, pikseli 100 kwa 100. Pikseli moja ni mita 30 kwa 30 za ardhi. Ningeweza kukata popote. Nilikata kijijini kwetu, nje ya Nzega. Mji wa bibi ukaangukia kwenye kona kabisa: pikseli moja inayong'aa, bati na uwanja uliofagiliwa, na kandokando mashamba.

Kichujio cha mediani hufanya kazi kama baraza. Kila pikseli huitwa pamoja na majirani zake wanane, thamani zao tisa hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na ya tano ndiyo hushika nafasi. Kinachong'aa peke yake huhesabiwa uchafu, kikafutwa. Lakini aliye kwenye kona ana majirani watatu tu. Watano waliobaki watoke wapi?

Hapo ndipo lugha hizi mbili zinapoachana. Ile medfilt2 ya MATLAB, usipoiambia vingine, huweka sifuri nje ya picha. Sifuri tano kati ya tisa: kona huwa nyeusi daima, hata ingekuwa jua lenyewe. Ile median_filter ya SciPy huweka kioo, ikamrudia aliye kwenye kona mara nne. Bibi akapata kura nne kati ya tisa, akashindwa kwa kura moja.

Kuzifananisha kulihitaji neno moja tu: kuandika constant mahali pa reflect. Nililiandika, tofauti ikawa sifuri, kazi ikaisha. Nikakaa nikitazama ile kona nyeusi.

Kwetu Unyamwezi tumekulia kwenye sifa za wapagazi, waliobeba mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mpagazi mwaminifu ndiye aliyefikisha mzigo kama alivyokabidhiwa. Nami nilikuwa mpagazi wa namna hiyo. Lakini ndani ya mizigo ile zilikuwamo pembe za ndovu, na njia ileile ilipitisha watumwa. Kufikisha salama ni wema, ila si wema wote.

Basi nirekebishe kimya kimya? Hapana. Atakayelinganisha ramani ya zamani na yangu ataona shamba limechomoza pasipokuwa na kitu, aandike kwamba kilimo kinakua. Ningekuwa nimesahihisha kosa moja kwa kuzaa uongo mwingine. Isitoshe, kioo nacho hakijui kilichopo nje ya picha. Kinakisia kwa adabu zaidi, basi.

Nilipoenda likizo nilimwonyesha bibi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo, mjukuu wangu, mashine inawauliza majirani kama mimi nipo?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kule kusiko na jirani?"

"Inasema hakuna kitu."

"Ingesema haijui."

Niliporudi chuoni niliacha constant palepale, kwa sababu niliahidi kufananisha. Kisha nikaongeza picha ya pili inayotoka pamoja na ile ya kwanza: ukingo wote wa pikseli moja umetiwa alama, na maelezo yanasema thamani za hapo zimetokana na makisio yetu, si ardhi. Msimamizi aliuliza kama ni lazima. Nilimjibu kwamba kichujio hakiihitaji. Anayeihitaji ni msomaji wa ramani.

Katikati ya picha, miji mingine ya pikseli moja bado inafutika, katika lugha zote mbili. Hiyo sijaipatia alama.