JE, MUNGU ANAHITAJI VIZA?



Vijana wengi tukiwaalika kanisani wanatujibu hivi: "Mhubiri, mimi na Mungu wangu tunaelewana. Naomba nikiwa chumbani. Kanisa la nini?" Sikucheki, ndugu yangu. Hata mimi nilisema hivyo, tena nikiwa mbali na nyumbani.

Mwaka 2014 nilitoka Mombasa kwenda Doha, nchi ya Qatar, kulinda milango ya majumba ya watu. Zamu masaa 12. Chumbani tulikuwa wanane. Nyumbani nilikuwa naenda kanisani kwa sababu mama ananiangalia. Kule mama hayuko, mchungaji hayuko, hata jirani wa kusema maneno hayuko! Nikafurahi, nakwambia kweli. Nikasema Mungu yuko kila mahali, tutaongea naye kitandani.

Basi nikawa na Mungu wangu mwenyewe. Na ajabu, huyo Mungu alikubaliana na mimi kwa kila kitu! Nikimchukia mwenzangu wa kitanda cha juu, naye anamchukia. Nikicheza karata na pesa za kutuma nyumbani, ananiambia pole, umechoka. Sasa kijana nakuuliza: Mungu ambaye hajakukatalia hata siku moja, huyo ni Mungu, ama ni wewe mwenyewe umejiweka kwenye kiti chake?

Halafu kampuni ikachelewesha mshahara miezi mitatu. Yule Mungu wa kitandani hakuwa na mikono ya kuniletea hata mkate. Aliyeniletea ni mlinzi mwenzangu, Mghana. Akaugawa mkate wake mara mbili, akasema, "Ijumaa twende."

Ijumaa, siyo Jumapili! Kule mapumziko ni Ijumaa, kwa hivyo Wakristo wengi huabudu siku hiyo. Mahali penyewe ni Mesaimeer, kwenye ardhi iliyotolewa na Amiri wa nchi. Kanisa la kwanza hapo lilifunguliwa mwaka 2008. Ndani ya ukuta mmoja wako Wakatoliki, Waanglikana, Wakopti, Wahindi. Nje huoni msalaba wala husikii kengele. Getini wanapekua mifuko. Mlinzi mimi, nikapekuliwa!

Nilitamani kusikia Kiswahili, sikukisikia. Tuliingia chumba ambacho vikundi hupokezana. Waliotangulia wakitoka sisi tunaingia, viti bado vina joto. Nyimbo sikuzijua. Nikasema moyoni, hapa si kwetu, sirudi. Ndipo mama mmoja Mfilipino, mfanyakazi wa nyumbani, akaniuliza jina langu, na kama nimekula. Kumbe yeye alipewa ruhusa ya kutoka mara moja kwa mwezi. Mara moja! Na mimi Ijumaa zangu zote nimelala.

Mshahara ulipotoka, mzee wa ushirika ule akaniuliza, "Mama yako amepata kitu mwezi huu?" Nilikasirika, wiki mbili sikuonekana. Anaingiaje kwenye mfuko wangu? Lakini kitandani sikupata usingizi, maana lile swali yule Mungu wangu hakuwahi kuniuliza. Wiki ya tatu nilituma pesa, kisha nikarudi. Haleluya!

Soma Matendo 18. Paulo alifika Korintho, mji wa ugenini. Akawapata Akila na Prisila, watu waliofukuzwa Rumi, mafundi wa mahema kama yeye. Wakakaa nyumba moja, wakafanya kazi pamoja. Wageni watupu! Sasa kama Paulo mtume alihitaji watu, wewe ni nani?

Utaniambia kanisani kuna wanafiki. Wako. Hata Doha walikuwako, na mmoja ni mimi.

Na wewe dada unayefunga mizigo kwenda Saudia, ujue nchi ile haina jengo hata moja la kanisa. Usingoje kufika ndipo uanze kutafuta. Anza hapa, upate watu watakaojua namba yako na kukuuliza maswali magumu.

Leo jioni mkutano ukiisha nitakuwa chini ya jukwaa, upande wa kushoto. Njoo, hata kama hutaki kuombewa. Nitakuuliza jina lako, na kama umekula.