Amana Haipimwi kwa Wingi

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, suala lililoletwa katika darasa yetu ni hili: mtawala akishindwa kwa kura chache mno, je, yampasa kuondoka kama aliyeshindwa kwa kura nyingi?

Na tutazame yaliyotokea katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Mnamo Novemba 1962, Gavana Elmer L. Andersen aligombea tena cheo chake, akashindana na naibu wa gavana, Karl Rolvaag, mtu wa chama kingine. Hesabu za mwanzo hazikukata shauri, zikahesabiwa tena chini ya usimamizi wa mahakimu hadi Machi 1963, na muda wote huo Andersen alikuwa kitini. Mwisho ikadhihiri: Rolvaag kura 619,842, Andersen 619,751. Tofauti ni kura 91 tu. Andersen angeweza kukata rufani. Hakukata, bali alimwachia mwenziwe cheo.

Wako watakaouliza: kura 91 ni kitu gani katika zaidi ya 1,200,000? Nasi twajibu: deni la senti moja ni deni, kama lilivyo la shilingi elfu, na muuzaji apunjaye mizani kwa chembe moja amepunja. Haki haibatiliki kwa uchache wake.

Lakini angalieni vyema, kwani hapa ndipo wengi huteleza. Kungoja kwake hesabu hakukuwa dhambi. Mafakihi wetu wamethibitisha kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Andersen alikuwa kitini kwa yakini, na shaka haikumwondoa. Ilipokuja yakini ya kumwondoa, hakubakiwa na hoja. Lililo haramu ni kuizua shaka baada ya yakini kudhihiri, mtu akadai ameibiwa hali hana ushahidi. Huyo amefanya khiyana mara mbili: amezuia amana ya watu, na amewasingizia wasio na kosa.

Basi ikiwa asiyekuwa wa dini yetu ameweza hayo, ni aibu iliyoje kwetu sisi, tulioamrishwa kurudisha amana kwa wenyewe, kuwaona wasimamizi wa misikiti na wakfu wakiombwa hesabu hughadhibika, na wakiondolewa huligawa jamaa! Cheo ni kitu cha kuazima. Mwenyewe akikitaka, hurudishwa, hata akituma mtoto mdogo kuja kukichukua.

Wallahu a'alam.