Jicho la Mwenye Kuchora

Ndugu wakatekumeni, mara nyingi mnakula sombe. Je, jani la muhogo lina vidole vingapi? Wengi watasita kabla ya kujibu. Lakini mtoto anayetaka kulichora hana budi kuhesabu, naye ataona ya kwamba jani moja lina vidole vitano, na jingine la shina lilelile lina saba. Zamani aliliona, sasa analitazama.

Kuona na kutazama si jambo moja. Anayeona tu hutosheka na jina: "Ni jani." Anayechora hawezi kutosheka hivyo. Yampasa kurudi kwa kitu chenyewe mara kwa mara na kukubali kusahihishwa nacho. Huo ni unyenyekevu.

Sikilizeni mfano. Katika misitu ya Walikale hukaa gorila, na wengine hukaa katika milima ya Virunga. Kwa mpita njia wote ni sawa. Mwaka 1967 mwanamke Mmarekani, Dian Fossey, alianza kuwachunguza pale Kabara, karibu na mlima Mikeno. Ili awatambue alichora mikunjo ya pua zao, kwa kuwa kila gorila ana pua yake. Hivyo hakuona tena kundi tu, bali mmoja mmoja.

Basi, ikiwa mnyama ana sura yake mwenyewe, je, si zaidi mwanadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu? Walakini twasema upesi: "Watu wa kabila lile ndivyo walivyo." Neno hilo ni picha ya mtu asiyetazama. Mwaka 1993, huko Walikale na Masisi, watu wengi waliuawa kwa ajili ya kabila lao, pasipo kuulizwa wametenda nini.

Labda mtu atasema: "Hata adui humtazama sana anayemwinda." Ni kweli, jicho peke yake halileti upendo. Lakini mwindaji hutafuta alitakalo, na mwenye kuchora hupokea kilichopo. Tena, nani awezaye kumpenda jirani ambaye hajamtazama bado? Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake.

Leo, kabla ya sala ya jioni, mkumbukeni mtu mmoja wa kabila jingine: uso wake, mikono yake, kazi yake, taabu yake. Kisha mwombeeni kwa jina lake. Kama hamlijui, kesho nendeni mkamwulize.