KIJANA, NI NANI ANAUFUNDISHA MOYO WAKO?

Usiitupe kwanza karatasi hii. Nakuomba dakika tano tu.

Umewahi kusikia habari za Hitler? Alishika utawala wa Ujerumani mwaka 1933. Wengi wanajua vita yake, ila hawajui alianzia wapi. Kabla ya kupeleka mizinga kwa jirani, aliwachukua WATOTO wa nchi yake!

ALIFANYAJE?

Aliingia darasani. Walimu Wayahudi wakafukuzwa. Waliobaki walitakiwa kuanza kipindi kwa kunyoosha mkono na kulitaja jina la Hitler. Somo la baiolojia likafundisha kwamba kuna watu wa damu bora na watu wa damu duni. Hata hesabu! Mtoto aliulizwa: kumtunza mgonjwa wa akili kunagharimu fedha kiasi hiki, je, fedha hizo zingetosha nyumba ngapi za watu wazima wa afya? Hebu fikiri. Mtoto anadhani anajifunza kugawanya, kumbe anafundishwa kwamba mwenzake hana thamani. Kuanzia 1939 serikali ile iliwaua wagonjwa hao kwa maelfu.

Baada ya masomo kulikuwa na chama cha vijana. Ngoma, bendera, nyimbo, kambi porini. Raha tupu! Mwaka 1936 sheria ikasema vijana wote ni wa chama hicho. Mwaka 1939 ikawa lazima kujiunga, tangu miaka 10. Vijana wakaapa kumtii Hitler. Wazazi wengine wakaogopa kusema neno mbele ya watoto wao wenyewe, wasije wakashtakiwa.

MWISHO WAKE

Wayahudi milioni 6 waliuawa. Na wale vijana waliokuwa wakiimba? Mwaka 1945 wakapewa silaha waulinde mji wa Berlin, wengine hata ndevu hawajaota. Tarehe 30 Aprili Hitler akajiua, akawaacha motoni. Bwana waliyemwapia hakufa kwa ajili yao. Wao ndio walikufa kwa ajili yake!

WAPO WALIOAMKA

Hans Scholl na dada yake Sophie walikuwa ndani ya vyama hivyo. Waliingia kwa furaha. Lakini wakaanza kujiuliza maswali, macho yakafunguka. Wao na wenzao wakachapa karatasi za siri kuwaamsha Wajerumani. Tarehe 18 Februari 1943 wakakamatwa wakizisambaza chuo kikuu cha Munich. Siku nne baadaye wakakatwa vichwa. Hans alikuwa na miaka 24, Sophie 21. Karatasi tu, ndugu yangu! Utawala wenye majeshi uliogopa karatasi.

Si jambo jipya. Soma Danieli sura ya 1. Mfalme wa Babeli aliwachukua vijana wa Yuda, akawapa shule ya miaka mitatu, chakula chake, na majina mapya. Danieli alisoma elimu ile akaiweza. Ila moyo wake hakumpa mfalme.

NA WEWE JE?

Utasema, "Hayo ya Wazungu, tena ya zamani." Haya. Lakini leo ni nani anakufundisha kumdharau mtu wa kabila lingine? Ni nani anataka upige makofi tu, usiulize? Akija na nyimbo tamu, akija na fulana ya bure, mpime! Hata mhubiri mpime, hata mimi. Waberoya walimsikia Paulo, kisha wakaenda kuchunguza Maandiko wenyewe (Matendo 17:11), na wakasifiwa kwa hilo.

Yesu hamwandikishi mtu kwa sheria wala kwa polisi. Anasimama mlangoni, anabisha (Ufunuo 3:20). Kitasa kiko upande wako. Na huyu hakukutuma ukafe kwa ajili yake. ALITANGULIA YEYE kufa kwa ajili yako!

Kama unataka kumfungulia, sema naye sasa hivi, hapo ulipo:

"Bwana Yesu, moyo wangu umefundishwa mengi. Nisamehe chuki niliyoipokea. Ingia, uwe mwalimu wangu. Nipe ujasiri wa kukataa uovu hata nikibaki peke yangu. Amina."

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako.