Alama Tano Nilizozifuta

Mtu aliyekulia Handeni hujifunza mapema kwamba koki si chanzo cha maji. Kwa miaka mingi mji wetu umetegemea bomba kuu linaloleta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Pampu ikisimama kule, sisi huku tunafungua koki na kusikia inapumua hewa. Mama yangu alikuwa akiusikiliza ule mlio, kisha anasema, "Kule kuna jambo." Hakuwahi kuiona hiyo pampu hata siku moja, lakini alijua ipo, na alijua mlio ule ni habari.

Mimi nilikuja kumnyima mtu mlio kama huo.

Likizo moja ya Desemba nilikuwa nafundisha vijana kumi na wawili lugha ya C, pale Handeni, katika chumba cha kuazima chenye kompyuta sita za zamani. Tulitumia kihariri kiitwacho Geany, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2005, chepesi kiasi cha kutembea hata kwenye mashine zilizochoka. Ndani yake ukibonyeza F9, programu yako inajengwa. Ukibonyeza F5, inaendeshwa. Lakini kitufe chenyewe hakijui kitu. Nyuma yake kuna mstari wa amri, na Geany inakuruhusu kuufungua na kuuandika upya utakavyo. Wa kujenga programu ya C huja hivi:

gcc -Wall -o "%e" "%f"

Hapo gcc ni kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yako kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. %f ni jina la faili ulilolifungua, na %e ni jina hilohilo bila kile kipande cha mwisho baada ya nukta. Na -Wall inaiambia kompaila isikae kimya: ikiona jambo linalotia shaka, hata kama si kosa la kuzuia kazi, iseme.

Na ilisema kweli. Kila kijana alipobonyeza F9, chini ya dirisha ilimwagika mistari ya Kiingereza. Wengine waliogopa wakadhani wameharibu kompyuta. Wengine waliniita: "Kaka, hii inasemaje?" Nikieleza hapa, naitwa kule. Siku ya tatu, jioni, nilipita mashine moja baada ya nyingine nikafuta kistari na herufi nne. Alama tano tu. Kesho yake darasa lilikuwa tulivu, vitufe vinabonyezwa, programu zinafanya kazi. Nilijisifu moyoni kwamba nimewarahisishia.

Mwanafunzi mmoja alikuwa binti wa Korogwe aliyekuja kwa ndugu zake Handeni kwa likizo. Alikuwa na laptopu ya kaka yake, nami nikampangia Geany kama za darasani, pamoja na ile amri niliyoipunguza. Aliporudi nyumbani aliandika programu kwa ajili ya kikoba cha shangazi yake, wanawake kumi na wanne wanaouza matunda na vitafunwa karibu na stendi. Kila wiki kila mmoja anatoa shilingi 5,000. Yeye anaingiza majina na malipo, programu inatoa orodha ya waliolipa na wanaodaiwa. Shangazi ndiye mweka hazina.

Wiki ya pili alinipigia simu. Orodha inasema wote kumi na wanne wamelipa, yaani shilingi 70,000. Kwenye sanduku kuna 55,000. "Kaka, wanasema shangazi kala hela."

Asubuhi nilipanda gari kwenda Korogwe. Nilisoma msimbo wake na haikunichukua dakika tano kuona. Mahali pa kuuliza kama mwanachama amelipa, alikuwa ameandika:

if (amelipa = 1)

Katika C, alama moja ya usawa haiulizi, inaweka. Ili kuuliza, unaandika mbili. Kwa hiyo programu haikuuliza kama mtu amelipa. Ilimwandika kila mtu kuwa amelipa, kisha ikasonga mbele kwa utiifu mkubwa. Ni kosa la kawaida kabisa. Nilifungua kidirisha cha amri, nikaijenga faili ileile kwa mkono, safari hii nikiwa nimerudisha zile alama tano. Onyo likatoka papo hapo likitaja namba ya mstari: hapa umeweka thamani mahali pa sharti, kama umekusudia, zungushia mabano.

Wanawake walikuwa wamekusanyika uani wakingoja. Niliwaamkia wakubwa, nikapewa kiti. Nikasema, "Mama zangu, lilikuwa kosa la kompyuta." Nyuso zikalegea. Tukahesabu upya: kumi na mmoja wamelipa, watatu bado. Wawili siku ile walikuwa msibani na hawakujua kwamba karatasi imewalipia. Wa tatu alikuwepo, alijua hajatoa, na alinyamaza. Nilimwona akitazama chini. Sikuwa na haki ya kumtazama sana.

Maana kompyuta haikukosea. Ilifanya barabara ilichoamriwa. Binti alijua hivyo kuliko wote pale, akasema kwa sauti ndogo, "Si kompyuta, mama. Mimi ndiye niliyekosea kuandika." Shangazi yake akamshika bega. Nami, mwalimu, nikanywa chai yangu kimya.

Tangu siku ile nimejiuliza sana: ukimwekea mtu kitufe, unabeba nini cha kile asichokijua?

Jibu la haraka ni kwamba kila mtu ajue kila kitu kilicho nyuma ya kitufe. Jibu hilo ni zuri kwa kusema tu. Mwaka 1983 Turbo Pascal iliweka kihariri na kompaila katika programu moja, ikauzwa dola 49.95, na watu wengi waliojifunza kupitia hiyo hawakuhitaji kujua kila hatua iliyofichwa. Na hata anayejua hafiki mwisho. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1984 kwamba kompaila inaweza kufundishwa kupenyeza mlango wa siri ndani ya programu bila alama yoyote kubaki kwenye maandishi unayoyasoma. Sote tunasimama juu ya kazi za watu tusiowajua. Mama yangu hakuhitaji kuwa fundi wa pampu ili apike ugali.

Kwa hiyo kumwondolea mtu kazi si kosa. Kosa langu lilikuwa jingine, na ilinichukua muda kulitenga. Geany ilikuwa imeficha kazi: kuandika amri ileile mara mia kwa siku. Mimi niliificha habari. Ukimfichia mtu kazi unampunguzia mzigo. Ukimfichia onyo, mzigo unabaki palepale, ila sasa anaubeba bila kujua. Aliyefunga bomba refu alitupunguzia safari ya mtoni. Angekuwepo mtu wa kuizuia koki isipumue ili tusipate wasiwasi, angetuacha na ndoo tupu na matumaini.

Kuna utetezi nilioutumia kwa muda: maonyo yale yalikuwa kwa Kiingereza, hawakuyaelewa, basi hayakuwa habari kwao. Utetezi huu ulikufa stendi ya Korogwe, jioni ileile, binti aliponisindikiza kwenye gari. Nilimweleza habari ya alama tano. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo lile onyo lingekuwepo siku zote?"

"Lingekuwepo. Nililizima mimi."

"Ungeniachia tu, kaka. Nisingelielewa, lakini ningekuuliza."

Hapo ndipo penyewe. Sikuzima maonyo kwa sababu hawakuyaelewa. Niliyazima kwa sababu walikuwa wananiuliza. Niliupa uchovu wangu jina la huruma, na jina hilo likanikaa vizuri hadi sanduku la kikoba lilipopungua.

Kesho yake nilimpigia simu shangazi, nikamwambia sehemu yangu. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, mimi mambo ya mashine siyajui. Ila siku mbili watu walinihesabu mwizi." Nilitafuta la kujibu, nikakosa. Programu nilikuwa nimeirekebisha kwa kuongeza alama moja ya usawa. Zile siku mbili hazina alama ya kuongeza.

Mwaka 2021 kihariri kingine, VS Code, kilianza kukuuliza, unapofungua folda ngeni, kama unawaamini waliotengeneza faili zake, kwa kuwa ndani yake huweza kuwa na amri zitakazotekelezwa kwenye mashine yako. Wengi wetu tunabonyeza "ndiyo" tukiwahi kazi. Nami zamani niliona ni usumbufu. Sasa naona angalau kuna mtu aliyekubali kutusumbua.

Siku hizi wanafunzi wangu huandika amri kwa mkono wiki nzima kabla sijawaonyesha F9. Kisha kila mmoja anafungua menyu na kujiwekea amri yake mwenyewe, -Wall ikiwemo. Ukutani nimebandika karatasi yenye maonyo ya mara kwa mara, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili. Haitoshi. Maswali bado ni mengi, na mimi bado huchoka.

Binti yule bado anaandika programu. Juzi, saa nne usiku, alinitumia picha ya kioo chake: mstari mmoja wa Kiingereza, na chini yake ameandika, "Kaka, hii inasemaje?" Nilikuwa nimeshalala. Nikawasha taa.